Zamu ya Tanuri Baridi

Wageni wanaopanda kutoka bondeni siku hizi huniuliza historia ya Olzeno, kana kwamba ni kitu ninachokiweka kabatini pamoja na vikombe. Nawapa ile ya kawaida: kwamba wazee wetu walikuja kwa kuvuka mlima wakiwa na mbuzi na majungu, kwamba tauni ilitubakisha nusu, kwamba askari wa Kifaransa walipita hapa wakala kuku wote na kulipa kwa shukrani. Wanafurahi, wanaandika, wanashuka. Mtu wa hapa hahitaji kuniuliza mimi. Enzi zile, akitaka kujua nani alimkosea nani, alisubiri tu wiki ya kwanza ya Desemba tanuri la mji linapowashwa, atazame nani anaanza.

Tanuri letu ni moja na lilikuwa likiwashwa mara moja kwa mwaka. Mkate mweusi uliookwa wiki ile ndio uliokaa kwenye fito za darini mpaka Desemba nyingine, mgumu wa kuvunja meno, na tuliukata kwa kisu chenye bawaba kilichofungwa ubaoni. Sasa tanuri lililolala mwaka mzima ni jiwe la baridi. Anayeanza hulilisha kuni kutwa nzima, nalo halishibi. Mawe yanakunywa joto lote, na mkate wake unaungua juu huku katikati umebaki mbichi. Ikifika Pasaka umeota ukungu. Wa pili ana nafuu. Kuanzia wa tatu ni raha mustarehe, kuni kidogo na mkate mzuri. Ndiyo maana mahali pengine pote hupiga kura, kila mtu abebe baridi yake siku bahati ikimgeuka.

Sisi pia tulipiga kura, ila kuanzia wa pili. Wa kwanza alijulikana. Ilikuwa nyumba ya Ranzoli, kila mwaka, tangu babu ya babu yangu hajaota ndevu.

Juu ya mji kuna msitu wa misonobari tunaouita Msitu wa Mwiko. Kazi yake ni kushika theluji isitushukie, na hakuna ruhusa ya kukata humo hata tawi la kukorogea ugali. Gaudenzio Ranzoli aliingia na shoka akaangusha msonobari mmoja, mkubwa kuliko yote, apate boriti ya paa kwa mwanawe aliyekuwa anaoa. Majira yale yale ya baridi, siku ya Mtakatifu Agata, theluji iliporomoka kupitia pengo lile, ikafagia nyumba moja. Nyumba yenyewe ilikuwa yetu, ya Zaretti. Walikufa sita. Mtoto mmoja alipatikana hai ndani ya hori la ng'ombe, na Zaretti wote mnaowaona leo ni uzao wa hori lile, nikiwemo mimi Apollonia, Polonia kwa wanaonipenda na kwa wanaoniogopa pia.

Wenye nyumba walikaa baraza wakaamua kwamba Ranzoli atawasha tanuri baridi kila mwaka mpaka nyumba ya Zaretti iseme basi. Hatukusema. Baba hakusema, babu hakusema, na kusema kweli sidhani kama waliwahi kulifikiria. Mtu akikupasha moto tanuri lako kila mwaka, unazoea kama unavyozoea kengele ya kanisa.

Mwaka ninaoueleza ni ule wa umeme, nguzo zilipofika mpaka kwenye birika la kufulia na wanawake tukaanza kuona madoa ya wenzetu. Livio, mwana wa Delfina Ranzoli, alikuwa amerudi kutoka Uswisi alikokuwa akijenga mabwawa. Alirudi na mke wa bondeni anayeitwa Norma, msichana wa maneno machache na macho ya kuuliza, na tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele. Siku moja ya Novemba Norma alikuwa birikani anasuuza shuka, mkwewe anapita na mzigo wa kuni mgongoni. Norma akatugeukia.

"Mbona mama mkwe anakusanya kuni nyingi hivi? Wenzake wote nawaona na vitita viwili vitatu."

"Si anaanza tanuri," akajibu mke wa msimamizi wa tanuri, Ulderico.

"Nasikia na mwaka jana alianza yeye?"

"Na mwaka juzi."

"Kwani kura zenu zinamjua mtu mmoja tu?"

Wanawake wakacheka. Mke wa Ulderico ana kicheko cha kuku aliyetaga. "Iulize boriti ya chumbani kwako, mwanangu. Ukilala chali utaiona."

Nilimwambia afunge domo, lakini neno likishatoka halirudi. Norma alikunja shuka zake zikiwa bado na povu, akaenda nyumbani kuuliza.

Jumapili iliyofuata, tumetoka misa, Delfina alikuja kwetu. Mimi na Delfina ni wa rika moja, tulipokea komunyo ya kwanza siku moja na viatu vya kuazima. Kaka yangu Fermo alikuwa mezani anakula ugali na maziwa. Fermo ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Hajaoa, mimi nilifiwa mapema nikarudi kwetu, na tangu hapo tunaishi wawili kwa kugombana, jambo linalotuweka hai.

"Fermo, nimekuja na jambo moja," Delfina akasema akiwa bado mlangoni.

"Kaa, mama. Polonia, mmiminie divai."

"Sikai. Nikikaa nitazungumza habari za ng'ombe mpaka jioni, halafu niende zangu na jambo langu tumboni."

"Basi sema."

"Nataka kibao cha nyumba yangu kiingie mfukoni. Kura zipigwe kuanzia wa kwanza."

Fermo aliweka kijiko chini. Vibao vyetu ni vipande vya mti vyenye alama za nyumba, alama zile zile zilizochongwa juu ya milango, navyo hukaa katika kifuko cha ngozi. Kibao cha Ranzoli hakikuwamo. Hakikuwa na kazi humo.

"Hilo si la kwangu peke yangu," Fermo akasema.

"Ni la kwako peke yako. Ndivyo ilivyoamuliwa, na wewe unajua."

"Delfina, umeliwasha tanuri lile tangu uolewe. Umelizoea kuliko sisi sote. Kuna shida gani leo?"

"Shida ni hiyo, kwamba nimezoea."

Nilimwekea kiti nyuma ya magoti, akakaa bila kujua kwamba amekaa. Akatueleza. Norma alikuwa ajifungue Januari. Livio alikuwa ameitwa kiwanda cha chuma huko chini, kazi ya mwaka mzima na nyumba ya kuishi, na hakutaka kwenda; alitaka kufuga hapa hapa na kurekebisha zizi la baba yake. Lakini mkewe alikuwa amesema mtoto wake hatazaliwa na kosa la mtu ambaye hata picha yake hawana. Na Livio alipokumbuka ule wimbo wa shuleni, alianza kumsikiliza mkewe.

Wimbo wenyewe sote tuliuimba. *Ranzoli kata, theluji shuka. Ranzoli washa, mkate choma.* Mimi niliuimba nikiwa nimeshikana mikono na Delfina, naye akiuimba pamoja nasi ili asionekane ameumia.

"Wakishuka nashuka nao," Delfina akasema. "Mlango utafungwa. Na mimi huko chini nitafanya nini, Fermo? Nihesabu magari?"

"Na wafu wetu?" Fermo akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Nikisema basi, nani atawakumbuka tena? Zamu yako ndiyo msalaba wao. Kaburi la maana hawakupata, walizikwa majira ya kuchipua, vipande vipande."

Delfina akamtazama. "Battista na mkewe Lucrezia. Mama mkwe wa Lucrezia, Caterina. Wasichana wawili, Agnese na Fiorina. Na yule aliyekuwa na siku mbili, hajabatizwa, ambaye ninyi mnamhesabu lakini jina hamna. Sisi tunamwita Mdogo. Kila ninapowasha kiberiti nawataja. Mama mkwe wangu alinifundisha, naye alifundishwa na wake. Haya, wewe niambie, mara ya mwisho umewataja lini?"

Fermo alikitazama kijiko chake. Mimi jina la Fiorina sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nitafikiri," kaka yangu akasema mwishowe.

"Fikiri kabla ya baraza la Alhamisi," Delfina akajibu, akainuka, akatoka. Divai hakuigusa.

Fermo akifikiri huwa anafanya kazi, na akifanya kazi huwa hataki kusemeshwa. Kesho yake akapanda kwenye paa. Mfereji wetu wa maji ya paa ulikuwa wa mti, gogo lililochimbwa kama hori refu, na ulikuwa umeoza. Alikuwa amenunua wa bati kutoka bondeni, anataka aufunge kabla theluji haijaanza. Mimi nilishika ngazi. Alikuwa anang'oa zile kulabu zinazobeba mfereji na kunitupia chini moja moja.

Kila nyumba Olzeno inazo. Ni kulabu za msonobari mchanga, mti wote umo, shina na mguu wake uliopinda, wala hazikuundwa kwa patasi. Mti unaoota kwenye mteremko mkali husukumwa na theluji ungali mwembamba. Unapinda pale chini, kisha unajikaza na kuinuka wima. Ukiukata karibu na mzizi unapata kulabu ambayo seremala hawezi kukutengenezea, haipasuki, inabeba barafu ya miaka mia. Niliokota moja. Niliigeuza mkononi, ikanijia fikra ambayo nashangaa haikunijia miaka sitini niliyokuwa napita chini yake.

"Fermo! Hii imetoka wapi?"

"Msituni."

"Msitu upi?"

Akaendelea kugonga.

"Nimekuuliza, kaka. Kule Valbona miti imenyooka kama mishumaa. Ya ng'ambo ya mto pia. Miti inayopinda mguu hivi nimeiona mahali pamoja tu, kwenye Mwiko."

"Shika ngazi, Polonia."

"Siishiki mpaka unijibu."

Akateremka vidato viwili, akakaa pale juu kama jogoo aliyenyeshewa. "Baba alikuwa akienda siku za ukungu," akasema. "Na msumeno mdogo, ule usiolia. Mimi nilikuwa naye mara moja. Tulikuta nyayo za baba yake Ulderico, bado mbichi."

"Kumbe!"

"Ni vijiti tu. Gaudenzio alikata mti mzima, mti mama. Si sawa."

"Hesabu vijiti vya paa hili. Halafu hesabu vya mji mzima, baba kwa mwana, kila mfereji unapobadilishwa. Msitu unaota kwa vijiti, Fermo, hauoti kwa miti mama! Nani alifungua pengo lile, shoka moja au misumeno yote?"

"Hilo hakuna anayelijua."

"Ndiyo! Hakuna anayelijua. Lakini anayekula mkate mbichi anajulikana."

Hapo niliwaka. Nilimwambia nyani haoni kundule, nikamwambia kwamba sisi Olzeno tumekuwa tukimwimbia mtu wimbo huku tumesimama chini ya kulabu za wizi, na kwamba wafu wetu sita hawajapata hata siku moja kushibishwa na mkate mbovu wa Delfina. Nilisema mengine pia, ambayo jirani waliyasikia na hayahitaji kurudiwa. Fermo alisikiliza yote akiwa amekaa kidatoni. Kisha akapanda tena, akamaliza kung'oa kulabu, akafunga bati lake bila kusema neno mpaka chakula cha jioni, na hapo alisema chumvi imezidi.

Alhamisi wenye nyumba walikusanyika katika chumba cha tanuri, kama kawaida, wamesimama na kofia zao kwa sababu humo ndani kabla ya moto ni baridi kuliko nje. Wanawake tulikaa kwenye benchi la kukandia unga. Delfina alikuwa mwisho wa benchi, mikono mapajani, Norma pembeni yake na tumbo lake. Livio alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mtu ambaye bado hajaamua. Ulderico, msimamizi wa tanuri na mtu wa kupenda kusikika, alitikisa kifuko cha ngozi.

"Haya wenzangu. Ranzoli anaanza, kama kawaida. Tuanze kura ya pili."

"Ngoja," akasema Fermo.

Alikuwa ameficha kitu ndani ya koti. Akakitoa akakiweka juu ya ubao wa unga, mbele ya wote. Ilikuwa ile kulabu.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Niliwatazama wanaume wetu mmoja mmoja, wanaume wazito, wazee wa kanisa baadhi yao, na kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama, huyu kofia yake, yule mlango wa tanuri, mwingine kucha zake.

"Hii nimeitoa kwenye paa langu," Fermo akasema. Kaka yangu hajui kuhutubia. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile. "Sihitaji kusema ilitoka wapi. Mwenye paa lisilo na kulabu kama hii aseme Ranzoli aendelee kuanza, nami nitamsikiliza."

Padri angesema maneno hayo tumeyaiba kwenye Injili, lakini padri hakuwapo.

"Sasa Fermo," Ulderico akasema, akijikohoza, "mambo ya wazee ni ya wazee. Historia huwezi kuitupa nje kama majivu. Mji usio na historia..."

"Ulderico," nikamwambia, "wewe unaipenda historia, au unaliogopa tanuri baridi?"

Kicheko kilichotoka kiliwafanya wengine washike mbavu, na ndipo nikaona kwamba nimegusa penyewe. Maana walikuwa wanaogopa, wote! Kizazi baada ya kizazi hakuna aliyewahi kutia kibao mfukoni akiwa na hofu ya kuanza. Sasa kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ya kuni zake kichwani na kumuona mkewe akikwangua ukungu. Mkuki kwa nguruwe.

"Si kuogopa," Ulderico akasema, uso umemwiva. "Lakini mambo yenyewe ni ya ghafla. Labda mwakani."

"Mwakani mlango wa Delfina utakuwa umefungwa," Fermo akasema. Akavua kofia. Alimgeukia Delfina, na nadhani alikuwa amepanga kusema maneno marefu zaidi, kwa sababu alifungua mdomo mara mbili. "Nyumba ya Zaretti inasema basi."

Delfina aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji yake sawasawa. Norma alimshika mkono. Mimi nililia, sioni haya kulisema. Nililia kwa Fiorina ambaye nilimjua siku nne tu.

Kibao hakikuwapo, kwa hiyo Fermo akatoa kisu, akapasua kipande kutoka kwenye ile ile kulabu, akachonga alama ya Ranzoli, mistari miwili na pembe juu yake. Alichonga vizuri na taratibu, na tulimsubiri bila mtu kulalamika. Kisha akakitumbukiza mfukoni pamoja na vingine. Ulderico akafunga mdomo wa kifuko, akakitikisa muda mrefu kupita lazima, akakitikisa tena.

"Tumekwisha elewa, baba," mtu mmoja akasema. "Si siagi hiyo."

Ulderico akafumba macho, akaingiza mkono. Akina mama walikuwa wanasali kimya kimya, nami najua walisali nini: asiwe mimi. Hata mimi nilisali hivyo, nisiseme uongo. Akatoa kibao, akafungua kiganja, akakitazama. Rangi ilimtoka.

"Nani?" tukauliza. "Sema basi!"

Alikigeuza tutazame wenyewe. Kilikuwa cheupe, kipya, mistari miwili na pembe juu yake.

Nilitaka ardhi inimeze. Livio pale mlangoni aligeuza uso nje, na Norma, ambaye machozi ya furaha yalikuwa hayajamkauka, alisimama.

"Tena sisi?" akasema. "Mama, tena sisi? Kwa nini?"

"Narudisha!" Ulderico akapiga kelele. "Narudisha, hii haihesabiki, kibao ni kipya, kimekaa juu ya vingine..."

"Piga upya," Fermo akasema. "Au nianze mimi. Andikeni Zaretti, nianze mimi."

"Rudisheni muone!"

Ilikuwa sauti ya Delfina. Alikuwa amesimama. Alikwenda mpaka kwa Ulderico, akamnyang'anya kibao, akakishika karibu na macho kwa sababu miwani aliiacha nyumbani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikainuka nimshike, kumbe mwanamke anacheka. Alicheka mpaka akaegemea tanuri.

"Kwa nini sisi?" akamwambia Norma, akijifuta macho. "Kwa bahati, mwanangu. Bahati mbaya tu! Maisha yangu yote nimeanza kwa sababu ya Gaudenzio. Leo naanza kwa sababu Ulderico ana mkono wa nuksi."

"Mimi?" akasema Ulderico.

"Wewe! Mkono gani huo? Vibao vyote vilivyomo humo, unanipa mimi? Mwaka jana ulimpa nani wa mwisho, si shemeji yako?"

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi chumba kile kilivyolegea. Delfina nimemjua tangu tukiwa na meno ya maziwa, na sijawahi kumsikia akilalamikia tanuri. Wala mama mkwe wake. Ranzoli walikuja na kuni zao wakiwa wamefunga midomo, wakawasha, wakaoka mkate wao mbovu, wakaenda. Anayetumikia adhabu atamlalamikia nani? Kulalamika ni kwa watu wenye bahati mbaya.

Sasa alilalamika. Mama wee, alilalamika! Alilalamika Livio alipoleta mzigo wa kwanza, kwamba kuni zina unyevu. Alilalamika kwamba tanuri halikufagiliwa, kwamba mlango wake umepinda na msimamizi yupo anakula chumvi tu, kwamba magoti yanamuuma na Desemba imekuja mapema mwaka huu kusudi kumkomoa. Livio alivua koti akalitundika msumarini, akaanza kupanga magogo, akadakia yeye pia kwamba mtu hawezi kutoka Uswisi akakaribishwa hivi. Norma aliketi tena, akamwuliza mke wa Ulderico kama hapa Olzeno watu wana hamira ya maana, na mke wa Ulderico akajibu kwa adabu.

Wengine wangeweza kwenda nyumbani. Kura zilikuwa zimekwisha, kila mtu anaijua zamu yake. Hakuna aliyeondoka. Delfina aliinama mbele ya mdomo wa tanuri na kiberiti, midomo ikamcheza kidogo, majina sita. Safari hii Fermo alikuwa amepiga magoti kando yake, na Delfina alipofika kwa Fiorina nilimsikia kaka yangu akilitamka pamoja naye, polepole, kama mtoto anayejifunza. Moshi ukafuka, ukaturudia sote machoni.

"Bomba limeziba!" Delfina akafoka. "Si niliwaambia? Nyumba nzima ya watu na hakuna aliyezibua bomba!"

"Pasua kuni nyembamba wewe, acha maneno," Fermo akamjibu.

"Nipasulie wewe, una mikono miwili!"

Fermo akachukua shoka akaenda kumpasulia, na Delfina akamfuata nje kumwambia anapasua vibaya.